Babu Katoni

Kalamu nene za kuandikia mizigo zina harufu inayowaumiza watu wengi kichwa. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya baba. Alirudi nayo mikononi kila jioni, akanawa kwa sabuni, akajipaka mafuta ya udi, na bado ukimbusu mkono ungeisikia chini ya udi. Maisha yake yote ya kazi aliandika majina ya watu na miji juu ya katoni, katika ofisi ya kusafirisha mizigo huko Deira, Uarabuni. Unguja, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimenyooka, na ndugu zetu waliopokea mizigo huko nyumbani walikuwa wakisema huhitaji kusoma kujua kwamba katoni hii imepita mkononi mwake.

Baba alifariki mwaka huu. Baada ya arubaini nilikusanya kanzu zake, redio yake na vitabu vyake, nikavipeleka Deira visafirishwe Unguja. Si kwenye ofisi yake, ile ilishafungwa zamani. Kwenye kaunta nilimkuta dada mmoja Mkenya, mchangamfu, ambaye alipoona mizigo niliyonayo alinivutia kiti. Nikakipangusa kwa kiganja, nikakaa. Akaniangalia.

"Hicho kiti nimepanguza asubuhi, madam," akasema. "Ni kisafi."

Nikamwomba radhi, nikamwambia ni mazoea tu. Akaendelea kufungua katoni moja baada ya nyingine na kuandika orodha, mpaka akafika kwenye ile ndogo niliyoikuta chini ya kitanda cha baba. Ilikuwa imezungushiwa kamba, na juu yake herufi zake mwenyewe: VINAVUNJIKA. Mimi nilidhani ni vikombe vya kahawa vya marehemu mama, nikaiacha kama ilivyo. Dada akachukua kisu.

"Na hii katoni lazima tufungue, tuone iko na nini."

Neno lenyewe likanichekesha, pale pale na msiba wangu. Katoni. Nikiwa na miaka minane neno hilo lilinitia aibu mbele ya mzee mmoja wa Kimarekani, na kwa sababu ya aibu hiyo nikapata bahati ambayo sijaipata tena. Nikamwomba dada anisubiri kidogo kabla hajaikata kamba. Alikuwa na wateja wengine, hakuona ubaya.

Tulikuwa tukikaa Al Mankhool, baba, shangazi na mimi, katika jengo la ghorofa nne ambalo siku hizi halipo. Mama alifariki nikiwa na miaka mitano, na tangu hapo baba akafunga mdomo. Si kwamba alikuwa mkali. Alinikagulia hesabu zangu, alinifunga kamba za viatu, alininunulia halua kila Ijumaa. Ila jina la mama halikumtoka. Nikiuliza, shangazi alinikonyeza, kisha jikoni akaniambia, "Mwache baba'ako. Ukimtajia unamtonesha kidonda." Basi nikamwacha.

Ghorofa ya tatu alihamia madam mmoja wa Kimarekani, mwalimu, pamoja na baba yake aliyekuwa mzee sana. Madam akamwomba shangazi amtazame mzee mchana mpaka yeye atoke kazini. Kwa hiyo nikitoka skuli nilipanda moja kwa moja huko juu, ambako kiyoyozi hakikuwa kikikohoa kama chetu, nikafanya kazi zangu za skuli kwenye meza ya kulia. Mzee alikaa dirishani na kopo la penseli mbele yake. Mikono ilimtetemeka. Nyumba nzima ilinukia penseli zilizochongwa, na mpaka leo nikichongea watoto wangu penseli huwa nazinusa kwanza.

Nikamuuliza shangazi huyu babu alikuwa akifanya kazi gani. Alikuwa akikata vitunguu, hakuinua hata kichwa.

"Huyu? Ujana wake wote kaumalizia kwenye katuni. Mwanawe ndo alivyonambia."

Mimi nikasikia katoni. Ningesikia nini kingine? Nyumbani kwetu katoni ndizo zilizotulisha. Nguo zetu za baridi zilikaa ndani ya katoni, nyumba za watoto wangu wa bandia zilikuwa katoni, na baba kila tukila alilalamika kuhusu katoni za siku hizi zinazopasuka pembeni. Ilikuwa haijanipitikia kwamba lazima yuko mtu anayezitengeneza. Basi ndiye huyu, katoka Amerika na kazeeka nazo. Nikampa jina la Babu Katoni, nikamwonea fahari kana kwamba ni mkubwa wa kazi wa baba. Kilichonitatiza ni kwamba mtu mzito namna hiyo hakuwa na katoni hata moja ndani ya nyumba.

Siku moja nikajikaza. Kwa Kiingereza changu cha skuli nikamwambia kwamba baba yangu anafanya kazi na katoni zake, ni nzuri, lakini pembe zinapasuka, na je, hawezi kuwaambia watu wake waongeze gundi? Mzee akaniomba nirudie. Nikarudia, na kwa mikono nikamchorea hewani sanduku na pembe zake. Alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi akaja mbio na maji, akidhani nimemfanyia utundu.

Alipopata pumzi alivuta karatasi akachora katoni yenye miguu miwili. Akaweka karatasi nyingine juu yake, akachora tena, na nyingine, na nyingine. Mkono wake ulitetemeka hewani, ukigusa karatasi unatulia kidogo, kisha unaanza tena. Alipomaliza alizishika zote pembeni akaziachia kwa kidole gumba, na katoni ikatembea. Ilitembea kama mtu mnene aliyechoka, pembe moja imepasuka, ikichechemea kuelekea upande wa mpasuko.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba televisheni ilifunguliwa alasiri kwa Kurani, kisha zikaja katuni, paka na sungura wakizungumza Kiarabu safi kutushinda sisi. Nilizitazama kila siku na sikuwahi kufikiri kwamba zimetoka mkononi mwa mtu. Nilidhani zipo tu, kama ndege walivyopo. Aibu ya katoni ilinipanda mpaka masikioni, lakini sikukaa nayo, kwa sababu nilitaka itembee tena.

Habari zake alinisimulia vipande vipande, mchana hadi mchana, na mimi nimeviunga baadaye. Aliingia kwenye studio akiwa kijana, wakati katuni hazijawa na sauti. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuchora bali kuosha. Picha zilipakwa rangi kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, na zikishapigwa filamu zilioshwa ili zitumike tena. Yeye ndiye aliyekuwa muoshaji. Alisimama kwenye sinki kutwa nzima, akiondoa kazi za wenzake, huku ng'ombe, magari na vidimbwi vya mvua vikishuka naye kwenye bomba la maji machafu. Wengine waliokuwa wakiosha pamoja naye waliona ni adhabu. Yeye kabla ya kuosha alizipanga kwa mfuatano na kuzitazama, na hivyo ndivyo alivyojifunza, bila mwalimu, mikono ikiwa imelowa.

Baadaye wakampandisha kuchora za katikati. Mchoraji mkubwa alichora picha ya kwanza, mtu kasimama, na ya mwisho, mtu kakaa, kisha akaendelea na mambo yake. Zile zote zinazomtoa mtu kwenye kusimama hadi kwenye kukaa zilichorwa na vijana kama yeye. Hakuna anayeziona, alinieleza, kwa sababu zinapita haraka mno, lakini ziondoe uone kama kuna kitu kinachotembea. Alizichora hizo kwa miaka. Akaja kuwa mchoraji mkubwa yeye mwenyewe, na wenzake wakamjua kwa jambo moja tu, mwendo. Studio ikipata mhusika mnene, au mwenye kiburi, au mwenye kiatu kinachombana, alipelekewa yeye amtembeze. Aliwafuata watu barabarani kuwatazama wanavyokwenda, mpaka siku moja askari akamkamata akidhani ni mwizi. Akamwonyesha askari daftari lake la michoro, na askari akaomba naye achorwe akitembea.

Jina lake halikuandikwa popote. Mwanzoni mwa filamu liliandikwa la mwenye studio peke yake. Nikamuuliza kama haikumuuma. Akasema alikuwa akienda sinema, anakaa kiti cha nyuma kabisa, na badala ya filamu anatazama mabega ya watu. Mabega yakitikisika kwa kicheko, basi. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi, na katika watu wazima niliowahi kukutana nao sijaona aliyeiheshimu kazi yake kuliko yeye. Alizungumzia kukunja goti kama vile wengine wanavyozungumzia ibada.

Ni huko kwenye mwendo ndiko alikonifikisha pabaya bila kujua. Alikuwa akinichezesha, akitembeza vidole mezani, nikisie ni nani: shangazi na magoti yake, madam na haraka zake, mlinzi wa mlangoni. Kisha akaniuliza, na mama yako anatembeaje?

Nikafungua mdomo. Sura ya mama nilikuwa nayo, ipo kwenye picha. Lakini nilipojaribu kumtembeza kichwani mwangu hakwenda. Alisimama tu. Nikajaribu kumwona akitoka jikoni, akipanda ngazi, chochote, na kila mara alikuwa amesimama vilevile kama kwenye picha. Nilikuwa nimemsahau mama yangu na sikuwa na habari. Nililia vibaya sana. Mzee hakunibembeleza, alisubiri nimalize, akaniuliza kama tuna picha zake.

Tulikuwa na mbili, ndani ya sanduku la shangazi, zimepigwa siku moja kwa mpiga picha wa Deira. Katika moja mama amesimama pembeni ya kiti, mtandio mabegani. Katika ya pili amekaa juu ya kiti hichohicho. Kesho yake nilizichomoa nikampelekea. Akaziweka mezani sambamba, akazigusa moja moja kwa penseli.

"Hii ni ya kwanza na hii ni ya mwisho," akasema. "Za katikati hazijapotea. Hazijachorwa tu."

Nikamwomba azichore. Akanionyesha mkono wake na kuniambia kwamba mkono huo utamtetemesha mama yangu, na mama yangu hakuwa mtu wa kutetemeka. Kwa hiyo nitachora mimi.

Tulihitaji meza yenye mwanga chini yake, ili picha ya chini ionekane kupitia karatasi ya juu, na mzee akaona katoni itatosha. Nikamwambia baba kwamba Babu Katoni hatimaye anataka katoni. Baba, aliyekwisha kusikia kisa changu kwa shangazi, akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku, na akaniletea ngumu kuliko zote. Tuliikata dirisha juu, tukaweka kioo cha fremu, tukatia balbu ndani na vipande viwili vya penseli vya kushikia karatasi zisicheze. Shangazi alikuwa akipita na kuchungulia. "Mtatuunguza nyie," alisema, lakini hakutuzuia.

Alipogundua ninamchora nani ndipo aliponiita jikoni. Shangazi hakupenda picha za viumbe, hata ukutani hakutaka. Alinifuta penseli shavuni kwa pembe ya mtandio wake, kisha akasema, "Chora. Lakini sura usiitie." Nikamfikishia mzee kwa woga, nikidhani ataudhika. Yeye akasema ni sawa kabisa, mwendo hauhitaji macho.

Nilimchora mama asiye na sura kwa wiki kadhaa. Mwanzoni alishuka kitini kama ndoo inavyoshuka kisimani. Mzee akanifanya nikae na kuinuka, nikae na kuinuka, mpaka nikaelewa kwamba mtu kabla ya kukaa huinamia mbele kwanza, la sivyo ataanguka. Nikafuta, nikaanza upya. Zilipofika kumi na nne, nimezipa namba pembeni, tuliziachia kwa kidole gumba, na mama akakaa. Mzee alitikisa mabega kwa makusudi, nami nikajua nimefaulu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, baba karudi mapema. Nikamwekea rundo mkononi na kumwonyesha jinsi ya kuachia. Akaachia. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, polepole, na uso wake sikuuelewa.

"Hakuwa akikaa hivi," akasema.

Akaziweka mezani, akavaa kofia yake, akatoka kwenda msikitini. Adhana ilikuwa bado.

Nilikaa pale. Shangazi alikwisha kuniambia, nami sikusikia. Nimekitonesha kidonda cha baba, tena kwa kitu kilichokosewa. Asubuhi rundo halikuwepo mezani. Sikuuliza. Nilikuwa na hakika kwamba amelitupa, na kwa hakika hiyo niliishi naye miaka yote iliyobaki, tukizungumza mengi na kwa mapenzi, ila si mama. Sikumchora tena.

Babu Katoni aliponiuliza baba aliionaje kazi yetu, nilimwambia alifurahi sana. Mzee akafurahi mpaka nikaona haya. Miezi michache baadaye mkataba wa madam ukaisha, wakarudi kwao, na mzee akaniachia kopo lake la penseli. Sikusikia habari zake tena, na uongo ule ukanikaa. Ndiye mtu pekee niliyetamani kumrudia nimwambie ukweli.

Alichonifunza lakini hakikupotea. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Al Garhoud, na wageni wetu wa kila mwezi huwajua kwa mwendo kabla hawajafika mezani. Wenzangu hudhani nina macho makali. Watoto wangu wakitazama katuni za zamani, zile zisizo na rangi, nami hukaa nao. Akipita mnene mmoja mwenye kiatu kinachobana, huwaambia huyu katembezwa na Babu Katoni. Hawana njia ya kunibishia.

Dada wa kaunta alikuwa amemaliza wateja. Nikamwambia: haya, kata.

Ndani hamkuwa na vikombe. Lilikuwa rundo la karatasi, limefungwa kamba ya mizigo kwa fundo la baba. Juu kabisa mama amesimama pembeni ya kiti, na pembeni ile namba moja yangu, mbaya, ya mtoto wa miaka minane. Hakulitupa.

Lakini lilikuwa nene mno kwa karatasi kumi na nne. Nikahesabu. Baada ya tisa yangu zilikuwepo karatasi nyembamba za stakabadhi za ofisi, zimechorwa kwa kalamu nene ya mizigo, namba zake kama alivyokuwa akizihesabu katoni: 9/1, 9/2, 9/3, mpaka 9/6. Baba hakujua kuchora. Mikono ilikuwa mikubwa kama mwiko, kiti kimelala upande. Sura hakuitia. Chini ya rundo zilikuwepo nyingine nyingi, makumi kwa makumi, za majaribio, mkono uleule na kiti kilekile, nyingine kazikata mstari katikati. Sijui alizichora lini. Kumbe sikumdanganya Babu Katoni. Na siku ile baba hakuwa akinikemea, alikuwa akinisahihisha.

Nikalisawazisha rundo, nikaliachia kwa kidole gumba.

Mwanamke asiye na sura anasimama pembeni ya kiti. Anainama. Anakipangusa kiti kwa kiganja, kushoto, kulia, kiti ambacho hakina vumbi. Kisha anakaa.

Dada alikuwa amezunguka kaunta, kasimama nyuma yangu na kalamu yake ya orodha. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama na kiti alichonipa.

"Madam," akasema, "huyu si ni wewe?"